Isomeke kwa Mbali: Kazi ya Fundi wa Nembo na Mabango ya Mkono

Wengi wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huanza kwa kuuliza wanunue brashi gani. Swali hilo lina wakati wake, ila huja mapema mno. Fundi wa nembo za ngao na fundi wa mabango, ambao mara nyingi ni mtu mmoja, hulipwa kwa sababu moja: alichokichora kitambulike kutoka mbali, na kiendelee kutambulika baada ya miaka ya jua na mvua. Nembo za ngao zilianza Ulaya katika karne ya 12, wakati askari wa farasi alipofunikwa chuma hadi usoni na ngao yake ikawa ndiyo inayomtambulisha. Bango la duka au la baa lina kazi hiyohiyo. Chimba kanuni yoyote ya ufundi huu, iwe ya rangi zinazokaa pamoja au ya unene wa mguu wa herufi, yaani mstari unaoiunda, na chini yake utakuta suala la umbali.

Tuanze na rangi. Kwenye nembo kuna madini mawili, dhahabu na fedha, ambayo kwa rangi za kawaida huchorwa njano na nyeupe. Kisha kuna rangi tano: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni yake inasema madini yasikae juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Simba wa dhahabu kwenye uwanja mwekundu, yaani uso wa ngao ulio nyuma yake, ni sawa. Simba wa buluu kwenye uwanja mwekundu hafai, kwa sababu ukisogea mita thelathini vyote viwili vinakuwa doa moja la giza. Nembo mashuhuri iliyovunja kanuni hii ni ya ufalme wa Yerusalemu, misalaba ya dhahabu kwenye fedha, na inatajwa hadi leo kwa kuwa haifanani na nyingine. Fundi wa mabango anaifuata kanuni hiyohiyo hata kama hajawahi kuisikia: herufi za njano kwenye ubao mweupe hazisomeki, na nyekundu kwenye buluu hucheza machoni. Mteja aking'ang'ania rangi mbili zisizopatana, zitenganishe kwa mstari mwembamba wa nyeupe au dhahabu. Njia rahisi ya kupima ni kupiga picha ya mchoro na kuiondolea rangi. Ikiwa alama na uwanja vimekuwa kijivu kimoja, badilisha sasa, kabla hujafungua kopo.

Mteja mara nyingi huleta nembo iliyochapwa kwa wino mweusi tu, imejaa mistari na vitone. Hapo ndipo mgeni wa kazi huharibu, akiichukua mistari ile kama mapambo na kuichora ubaoni kama ilivyo. Mistari hiyo ni alfabeti ya rangi, mfumo ulioenezwa na padri Mjesuiti Silvester Petra Sancta kwenye kitabu chake cha mwaka 1638. Vitone ni dhahabu, patupu ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, na iliyokatizana wima kwa mlalo ni nyeusi. Mshazari unaoshuka kutoka juu kushoto kwa mtazamaji ni kijani, na unaoshuka kutoka juu kulia kwake ni zambarau. Ukishaijua, chapa ya zamani isiyo na rangi hata moja unaisoma vizuri kabisa.

Hata hivyo, chenye mamlaka juu ya nembo ni maneno, yaani tamko lake rasmi. Picha hulifuata tamko. Tamko huanza na uwanja, likafuata alama kuu, jinsi ilivyokaa, rangi yake, halafu vitu vidogo. Nembo ya kale ya wafalme wa England kwa tamko inasomeka hivi: uwanja mwekundu, simba watatu wanaotembea, nyuso zimemgeukia mtazamaji, mmoja juu ya mwingine, wote wa dhahabu, kucha na ndimi za buluu. Basi. Haisemwi nyekundu ipi, wala manyoya ya shingo yawe mangapi, wala mkia ujikunje mara ngapi. Mafundi wawili wanaweza kuchora simba wasiofanana hata kidogo na wote wakawa sahihi. Kwa hiyo mteja akikuletea picha ya nembo yake, mwombe na tamko. Nakala ya nakala hupoteza vitu: kwanza rangi ya ulimi na kucha, halafu idadi ya vidole, mwishowe tai anageuka kunguru.

Halafu kuna suala la kulia na kushoto. Upande wa kulia wa ngao ni kulia kwa aliyeibeba, yaani kushoto kwako unayeitazama. Mnyama asiyetajiwa upande huelekea kulia kwa mbebaji. Kwenye bendera mnyama huelekea mlingoti. Kosa linaloonekana kila mara ni la nembo iliyogeuzwa, iwe kwa sababu ilinakiliwa kutoka kioo cha dirisha kilichotazamwa toka ndani, au kwa sababu karatasi ya kunakilia ilipinduliwa bila mtu kugundua. Andika neno JUU na neno KULIA kwenye kila karatasi ya mchoro kabla haijatoka mezani.

Katika uchoraji wenyewe, jambo linalomtofautisha fundi na mwanafunzi ni kuujaza uwanja. Simba wa nembo hana ukubwa wa asili. Anavutwa, anakunjwa, anapanuliwa mpaka nafasi inayobaki kati yake na ukingo wa ngao ilingane pande zote. Kiuno kinapunguzwa, kucha na ulimi vinakuzwa, mkia unatumwa kwenda kuziba pengo. Alama zikiwa tatu, mbili juu na moja chini, ngao yenye ncha chini inazipokea vizuri. Zikiwa tatu za kupangana wima, refusha ngao. Mstari mweusi wa kuzunguka alama uendane na umbali: kwa ngao ya sentimita 60 itakayotazamwa kutoka mita 10, mstari wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Ukiweka mstari wa milimita 1 utapendeza karakanani na kupotea barabarani.

Juu ya ngao kuna kofia ya chuma, na hapo cheo kinaingia. Kwa desturi ya Uingereza, kofia ya fedha yenye vyuma vya dhahabu usoni ni ya lodi. Ya chuma iliyofunguliwa uso ni ya baroneti na wenye cheo cha "Sir". Iliyofungwa ni ya muungwana wa kawaida. Juu ya kofia kuna kata ya kitambaa kilichosokotwa, yenye mikunjo sita inayoonekana, ikianza na rangi ya madini upande wa kulia kwa mbebaji. Hesabu mikunjo hiyo kwa penseli kabla ya kuchora, kwa sababu ukijikuta na mitano au saba, rangi za mwisho hazitakaa zinapotakiwa. Wabeba ngao, yaani watu au wanyama wanaochorwa wakiishika ngao kutoka pembeni, wape kitu cha kukanyaga.

Kabla ya kupokea kazi yoyote ya nembo, uliza nani ana haki nayo. Uingereza na Wales zina College of Arms, ofisi ya nembo iliyopewa hati na mfalme Richard III mwaka 1484. Scotland ina Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo wa huko, na sheria ya huko ya 1672 inafanya kutumia nembo isiyosajiliwa kuwa kosa. Afrika Kusini ilianzisha ofisi yake ya nembo mwaka 1963, Kanada mwaka 1988. Kwa fundi, kesi ya kuikumbuka ni ya Manchester mwaka 1954. Ukumbi wa burudani ulikuwa umeweka nembo ya jiji juu ya pazia la jukwaa na kwenye mhuri wake, jiji likashtaki, na mahakama ya kale ya uungwana ikakaa kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 200. Jiji lilishinda. Hakuna mteja atakayekueleza habari hizi, na bango likishushwa jina lako ndilo litakalokuwa limeandikwa kwenye kona.

Sasa herufi. Kipimo kinachotumika kwenye kazi ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, ili msomaji asome bila kukaza macho. Bango litakalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita 15, linahitaji herufi za milimita 125. Mguu wa herufi nene za kawaida uwe kati ya sehemu ya tano na ya saba ya urefu. Herufi za Kirumi, kama zile za nguzo ya Trajan iliyozinduliwa Roma mwaka 113, ni nyembamba zaidi, karibu sehemu ya kumi, na kwa sababu hiyo zinadai ukubwa zaidi ili zionekane sawa.

Rula ni rafiki wa mistari ya juu na chini. Kwenye nafasi kati ya herufi rula inadanganya. Miguu miwili iliyosimama, kama ya H na I, inataka nafasi kubwa. O mbili zinataka kusogezwa. A na V, L na T, zinataka kukaribiana hadi vipimo vyao vya ukingo viingiliane. Linganisha ukubwa wa uwazi ulioko kati ya herufi na herufi, achana na sentimita. O, C, G na S zivuke kidogo mstari wa juu na wa chini, kama milimita 2 kwa herufi ya milimita 100, la sivyo zitaonekana zimedumaa. Halafu acha pambizo. Mteja anadhani nafasi tupu ni pesa iliyopotea na atakuomba uongeze namba ya simu pembeni. Mwonyeshe mchoro mdogo wenye nafasi na mwingine usio nayo, vyote kwa mbali. Mara nyingi anakubali mwenyewe.

Mpangilio ukishakubaliwa, mchore kwa ukubwa kamili kwenye karatasi. Toboa mistari kwa gurudumu la miiba, kisha pitisha msasa mwepesi upande wa nyuma ili vitobo vifunguke. Bandika karatasi ubaoni kwa tepu, hakikisha kwa pima maji, halafu gongagonga kwa mfuko wa kitambaa wenye unga wa chaki; kwenye ubao mweupe tumia unga wa mkaa. Ukitoa karatasi utakuta vitone vinavyokuonyesha njia. Puliza unga uliozidi. Vumbi likichanganyika na rangi, brashi hukwama na rangi hupoteza mng'ao. Ukipiga uzi wa chaki moja kwa moja ubaoni, ufyatue kwanza hewani mara moja ili uache mstari mwembamba. Uzi uliojaa chaki huacha mkanda wa milimita tatu na hutajua uandike juu yake au chini yake.

Na sasa brashi. Ya kuandikia mabango ina nywele ndefu, kwa kawaida sentimita 2.5 au zaidi, na ncha iliyokatwa bapa kama patasi. Bora kabisa hutengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Zamani zilifungwa kwenye mabua ya manyoya ya ndege, na ukubwa ukaitwa kwa ndege aliyetoa bua: kunguru, bata, bata bukini, bata maji, majina ambayo baadhi ya watengenezaji bado wanayatumia. Urefu wa nywele una sababu mbili. Hubeba rangi ya kutosha mguu mzima wa herufi bila kurudi koponi, na humeza mtetemo wa mkono. Brashi fupi ya msanii wa picha huonyesha kila kutetemeka kwako.

Rangi ni ya mafuta, ile nzito ya kuandikia, iliyolainishwa kwa matone ya tapentaini. Ichote kwa kijiti: ikidondoka kwa uzi unaokatika polepole iko tayari. Ikiwa nzito huvuta na kuacha mifereji. Ikiwa nyepesi kingo huteleza na utahitaji mkono wa pili, yaani tabaka jingine la rangi. Chovya brashi, kisha ilaze kwenye kadi na kuipitisha huku na huku pande zote mbili mpaka nywele zikae bapa na ncha iwe kali. Hatua hii wanafunzi huiruka, halafu wanalaumu brashi. Mkono unaoandika unaegemea fimbo yenye kichwa kilichofungwa ngozi laini, na fimbo hiyo inashikwa kwa mkono mwingine, kichwa chake kikiwa sehemu kavu. Weka brashi, bonyeza nywele zifunguke hadi upana wa mguu, vuta kwa mwendo mmoja, na ukikaribia mwisho izungushe kati ya kidole gumba na cha shahada huku ukiinyanyua, ili mwisho uwe mraba. O huvutwa kwa nusu mbili, ya kushoto kisha ya kulia, zote toka juu kwenda chini. S huanza na uti wake wa katikati, ndipo kichwa na mkia vifuate. Ukianzia kichwani, tumbo la chini halitatosha.

Macho yawe mbele ya brashi, mahali inapokwenda. Anayeitazama ncha huandika mstari wa nyoka.

Baada ya kazi suuza brashi kwenye tapentaini mara tatu, kila mara safi zaidi, kisha ipake mafuta yasiyokauka, iumbe ncha kwa vidole na ilaze bapa kwenye sanduku. Brashi hufia kwenye shina. Rangi iliyokauka karibu na mfungo husukuma nywele kando na ncha haikai tena. Kabla ya kuitumia tena ondoa mafuta yote, maana mafuta yakibaki, herufi ya kwanza haitakauka wiki nzima.

Ubao wenyewe huchukua muda kuliko maandishi, na bei iseme hivyo. Kwa nje tumia plaiwudi ya baharini, milimita 18. Kingo ndizo mlango wa maji: zipake praima mara tatu kabla ya kingine chochote. Upande wa nyuma upake rangi pia, hata kama hakuna atakayeuona, la sivyo upande mmoja utanywa unyevu na ubao utapinda. Praima mkono mmoja, andakoti mikono miwili, glosi mikono miwili, msasa wa maji namba 320 hadi 400 katikati ya kila mkono, na saa 24 za kukauka. Rangi ikijikusanya na kuacha vijicho, uso una nta, grisi au silikoni. Futa kwa kiyeyusho, kausha, sugua kwa unga wa chaki, jaribu tena. Ukuta au ubao wa zamani upanguse kwa kiganja. Kiganja kikitoka cheupe, rangi ile imegeuka unga, na chochote utakachoandika juu yake kitadondoka nayo.

Dhahabu ndiyo inayowavuta watu kwenye kazi hii na ndiyo inayowatia hasara. Karatasi ya dhahabu ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi elfu ya milimita. Huuzwa kwa kitabu cha karatasi 25, kila moja milimita 80 kwa 80 kwa zile za Ulaya. Kwa hesabu hiyo ni sentimita za mraba 1,600, lakini ukitoa zinazopishana na zinazoangukia kati ya herufi, panga bei ukijua utafunika karibu theluthi mbili tu. Kwa nje tumia karati 23 au zaidi. Chini ya 22, fedha na shaba zilizochanganywa ndani huanza kubadilika rangi. Ile inayoitwa dhahabu ya Kiholanzi ni shaba nyekundu na zinki tu. Bila vanishi hugeuka kahawia.

Glosi mpya hunata hata ukiiona imekauka, na dhahabu itashika kila mahali usipotaka. Kwa hiyo kwanza pangusa ubao kwa poda, au upake ute wa yai moja uliopigwa ndani ya nusu lita ya maji na kuachwa ukauke. Halafu andika herufi kwa gundi ya mafuta, uliyoitia rangi ya njano kidogo ili uione. Ipake nyembamba. Gundi ikijikusanya kwenye pembe hukauka juu na kubaki majimaji ndani, kisha dhahabu hukunjamana. Kuna gundi za saa 3 na za saa 12. Ile ya polepole hukupa muda mrefu wa kufanya kazi na mng'ao bora, ndiyo inayofaa maandishi mengi. Saa zilizoandikwa koponi ni za karakana tulivu. Jua na upepo huzifupisha, baridi na unyevu huzirefusha.

Pima kwa mgongo wa kidole. Gusa na utoe: gundi iliyo tayari huvuta kidogo na kutoa mlio mdogo wa kuachia, na kidole hakiachi alama. Ukiwahi, dhahabu huzama na kupauka moja kwa moja. Hakuna namna ya kuiokoa. Ukichelewa, unapata mapengo. Nje, penye upepo, tumia dhahabu iliyobandikwa kwenye karatasi yake. Ile isiyobandikwa ni ya ndani, kwa mto wa ngozi, kisu na brashi pana ya manyoya ya kindi. Ikishakaa, ibonyeze kwa pamba, kisha fagia kwa brashi laini. Vipande vinavyodondoka vikusanye kwenye kikopo, ndivyo vya kuziba mapengo. Dhahabu hufichua kila tetemeko la ukingo, kwa hiyo mstari wa rangi kuzunguka herufi, unaopigwa siku inayofuata, hupamba na husamehe. Ukitumia ute wa yai, usisahau kuuosha. Na usipake vanishi juu ya dhahabu ya karati 23 iliyo nje. Vanishi itachakaa kabla yake, itapauka na kubanduka, na dhahabu itaondoka nayo.

Fedha halisi usiitumie nje. Salfa iliyomo hewani huigeuza nyeusi. Kwa nembo, rangi nyeupe ni fedha kamili kwa sheria zote. Mteja akitaka kung'aa, tumia alumini au paladiamu.

Kioo kina utaratibu wake. Unafanya kazi upande wa ndani, kila kitu kinyume, na mpangilio wa kawaida wa tabaka unageuka: kinachoonekana mbele ndicho kinachowekwa kwanza. Safisha kioo kwa unga wa chaki na spiriti mpaka maji yasambae bila kujikusanya. Yeyusha kapsuli moja tupu ya jelatini kwenye takriban nusu lita ya maji moto yaliyosafishwa, mwagia kioo, na sogeza karatasi ya dhahabu kwa brashi pana: itaruka yenyewe na kunasa majini. Ikikauka inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Sugua kwa pamba, weka tabaka la pili kuziba nyufa, kisha paka rangi ya kinga kwa umbo la herufi nyuma ya dhahabu. Ikikauka, dhahabu iliyobaki nje ya herufi inatoka kwa pamba mbichi na unga wa chaki. Jelatini ikizidi huacha ukungu kati ya dhahabu na kioo. Ikipungua, dhahabu hutoka unaposugua.

Kuna mgogoro mmoja mdogo ambao humpata tu anayefanya kazi zote mbili. Kwenye nembo, mwanga kwa desturi hutoka juu upande wa kulia kwa mbebaji, yaani juu kushoto kwa mtazamaji, kwa hiyo kivuli cha simba huanguka kulia na chini. Fundi wa mabango naye hupenda kivuli cha herufi kiende kushoto na chini, kwa sababu ya kiuchumi kabisa: E, F, K, C na wenzao wako wazi upande wa kulia, na kivuli cha kushoto kina vipande vichache vya kuchora. Ukiviweka kwenye ubao mmoja, mwanga unatoka pande mbili na jicho linasumbuka bila kujua kwa nini. Nembo haibadilishwi. Peleka kivuli cha herufi kulia na ulipize muda wa ziada, au andika herufi bila kivuli.

Upande wa pili wa kazi ni wa mezani: hati za nembo kwenye ngozi ya ndama. Hapo umbali unakuwa urefu wa mkono. Ngozi huondolewa mafuta kwa unga laini wa jiwe la povu, rangi ni za maji zenye gundi ya mti, na dhahabu huinuliwa juu ya tabaka la plasta laini, hupumuliwa pumzi kupitia bomba la karatasi ili inase, kisha hung'arishwa kwa jiwe la akiki. Adui ni unyevu. Ngozi hujikunja na kutanuka kadiri hewa inavyobadilika, kwa hiyo ivute juu ya ubao kabla ya kuanza, na rangi zipakwe nyembamba. Tabaka nene hupasuka ngozi inapocheza. Ni kazi ya taratibu, na waliozoea ngazi na upepo wengi hawaipendi.

Mashine za kukata vinili, plastiki nyembamba ya kubandika, zilipoingia miaka ya 1980, zilichukua kazi nyingi za haraka: magari ya mizigo, vibao vya ofisi, matangazo ya muda. Zilizobaki mkononi ndizo za kudumu. Boti, mabango ya baa ambayo Uingereza iliyadai kwa sheria enzi za Richard II, milango ya vioo, matengenezo ya majengo ya kihistoria. Na mbao za heshima, zile za majina ya manahodha, wenyeviti na washindi kwenye shule na vilabu, ambazo kwangu ndizo mkate wa kazi hii. Kila mwaka mstari mmoja unaongezwa, na mteja huyo harudi kwa mwingine ukimfanyia vizuri.

Kwenye mbao hizo unafuata mkono wa aliyekutangulia, hata kama R yake huipendi. Weka karatasi ya kunakilia juu ya mistari mitano au sita ya zamani, pima urefu wa herufi, nafasi kati ya mistari na mwanzo wa kila safu, na tafuta anavyomaliza 2, 7 na 9, maana tarakimu ndizo zinazomfichua fundi mpya. Dhahabu mpya itang'aa kuliko ya zamani. Usiipake chai wala vanishi ili ifanane, itatulia yenyewe. Kisha hifadhi faili ya kila kazi: karatasi iliyotobolewa, tamko la nembo, jina na namba ya kila rangi, karati ya dhahabu, aina ya gundi na saa ilizochukua kuwa tayari, tarehe na hali ya hewa. Nyuma ya ubao andika hayohayo kwa ufupi kwa rangi ya mafuta, kwani penseli hufutika, na atakayekuja kuurekebisha huenda asiwe wewe.